Chupa ya maji ya nusu lita: mazoea mawili mazuri yaliyokaribia kuniulia mtoto

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha miaka mingi. Leo nauandika kwa sababu juzi nilimtembelea jirani yangu mpya, nikaona kando ya ndoo ya maji ya kunywa kuna chupa ya soda imejazwa kitu kama maji hadi shingoni. Nikauliza ni nini. Akasema, "Ah, hiyo jiki tu." Chai niliyokaribishwa sikuimaliza.

Novemba 2012 tulikuwa tunaishi Chanika, chumba kimoja na kibaraza, umeme haujafika mtaani kwetu. Usiku tulikuwa tunawasha chemli, ikigoma tunarudi kwenye koroboi. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imepandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko dizeli na watu walikuwa wanayachanganya humo. Sababu ilikuwa ya maana na sina ugomvi nayo. Ila nyumbani kwangu ilibadilisha jambo moja dogo sana. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua lita tano, zinakaa kwenye dumu la njano ambalo kila mtu ndani analijua, linanuka mafuta, wala huwezi kulifananisha na chombo kingine. Bei ilipopanda nikaanza kununua nusu lita nusu lita kwa Mangi. Na mtu hatembei na dumu la lita tano kwenda kununua nusu lita. Anabeba chupa ya maji.

Hilo ndilo zoea la kwanza, na mnaona wenyewe halina ubaya wowote. Ni la mtu anayebana matumizi na asiyetupa chupa nzima.

Zoea la pili lilikuwa la upendo. Nilikuwa nafanya kibarua kwenye ghala, na kila jioni nikishuka kwenye daladala nilikuwa na chupa ya maji iliyobaki kama robo hivi. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Akisikia sauti yangu anakuja mbio, "Baba, maji!" Namfungulia mfuniko, anayamaliza yaliyobaki, halafu chupa inakuwa mali yake. Anaipiga chini, anaijaza mchanga, analala nayo. Hakuna saa niliyokuwa naisubiri kutwa nzima kama ile.

Yaani kwa miezi mingi nilikuwa namfundisha, jioni baada ya jioni, kwamba chupa ndogo yenye mfuniko wa bluu ni ya kwake, na kilichomo ndani ni kitamu.

Ikafika Jumamosi moja, magharibi. Mama yake alikuwa kibarazani anajaza chemli. Akaweka chupa chini, mfuniko akauegesha tu bila kuukaza, akageuka kukata utambi. Hakuondoka. Hakuwa anachezea simu. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa mtoto. Alichosikia ni kikohozi, kile kikavu cha mtu aliyepaliwa, akageuka na harufu ikamjia.

Nilipofika nilikuta majirani wamejaa. Mmoja anasema maziwa, mwingine anasema mtapisheni. Tukafanya vyote viwili. Nilimtia kidole mwenyewe. Akatapika mara mbili, nikashukuru Mungu nikijua sumu imetoka. Hazikupita dakika nyingi akaanza kuhema kwa mbavu, tumbo linaingia ndani kila anapovuta pumzi. Bodaboda, hospitali. Swali la kwanza la nesi wa zamu lilikuwa, "Mmemtapisha?" Nikajibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Sura aliyonitazama nayo ninayo hadi leo.

Alikaa kwenye oksijeni, tukalala hospitali siku nne. Alipona. Sasa yuko kidato cha pili na ananizidi urefu. Lakini nimekaa na hili swali miaka yote hiyo: ni wapi nilipokosea? Natafuta uzembe siuoni. Naona baba anayebana matumizi na baba anayempenda mwanawe, wote wawili mimi, wamekutana kwenye chupa moja.

Naombeni wenye uzoefu waongeze. Nani ana chupa kama hiyo nyumbani sasa hivi?

ZamuYaUsiku

Mkuu, pole sana, na asante kwa kuandika. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, na hadithi yako naipokea mlangoni mara kwa mara ikiwa na sura nyingine. Miezi ya joto ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu mtoto mwenye kiu hachagui.

Nieleze lile suala la kutapisha, maana ndilo linaloua na bado watu wanalifanya kwa nia njema. Mafuta ya taa yakishafika tumboni, mara nyingi hayana balaa kubwa. Balaa ni mapafu. Yale mafuta ni mepesi, yanateleza na kusambaa haraka mno, tone dogo tu likiingia kwenye njia ya hewa linatambaa mbali na kuunguza ndani ya mapafu. Mtoto anapokunywa anapaliwa, hapo kidogo kinaweza kuwa kimeshaingia. Sasa wewe ukimtapisha, unayapandisha yale ya tumboni yapite tena pale pale kwenye koromeo. Umempa hatari ileile mara ya pili. Na maziwa yanajaza tumbo tu, mtoto anatapika mwenyewe.

Kwa hiyo: usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, wala usimtwangie mkaa ukidhani utanyonya sumu, kwa mafuta ya taa hausaidii. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, maana mafuta yanababua na ule mvuke anaendelea kuuvuta. Mkalishe wima, nenda hospitali, na chupa yenyewe uibebe.

Jambo jingine linalowaponza wazazi ni pale mtoto anapokohoa kidogo halafu anatulia na kucheza. Wanasema amepona, wanarudi nyumbani. Dalili zinaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza. Ndiyo maana hata mtoto anayeonekana mzima tunamwangalia angalau saa 6 kabla ya kumruhusu. Picha ya eksirei ikipigwa mapema sana inaweza kuonyesha mapafu safi na baadaye hali ikabadilika. Ukiona anapumua haraka, mbavu zinavutwa ndani, midomo inabadilika rangi au anasinzia kusiko kwa kawaida, usisubiri kukuche.

Mwambakamba

Mkuu nakupa pole, lakini niseme ukweli. Mama alipaswa kukaza mfuniko na kumwangalia mtoto. Tusiisingizie chupa. Sisi tumelelewa na mafuta yakiwa humo humo kwenye chupa na tumekua.

Kibatari

Mwambakamba, nakuelewa. Wiki ya kwanza hata mimi nilimtupia mke wangu lawama hizo hizo, na ni jambo ninalolijutia kuliko kile kidole nilichomtia mtoto mdomoni. Nilimwambia maneno mbele ya mama yake mzazi.

Baadaye nilifanya hivi. Nilikaa pale kibarazani, nikamwekea mtoto chupa tupu mahali palepale ilipokuwa, nikageuka kana kwamba nakata utambi. Nikahesabu. Sikufika tano, alikuwa ameshaiweka mdomoni. Hakuna mama anayeweza kumkodolea mtoto macho saa zote huku anapika, anafua na anajaza taa. Ndugu, kama usalama wa mtoto unategemea mtu asigeuke hata mara moja kwa siku nzima, huo si usalama.

Na wewe na mimi tumekua, kweli. Waliokufa hawako hapa kuchangia.

SabuniYaMche

Wapendwa, nimesoma hadi mwisho mikono inatetemeka. Nimo kwenye kikundi cha akina mama, tunatengeneza sabuni za mche na za maji. Naomba niongelee kostiki, kwa sababu vikundi vimekuwa vingi na mafunzo ni ya siku mbili.

Wanaojua kazi hii wanajua kwamba kostiki soda unaiyeyusha kwenye maji, inachemka yenyewe bila moto, halafu unaiacha ipoe. Wengi tunailaza. Ikishapoa inaonekana kama maji ya kisima, haina rangi, harufu yake hutaisikia. Na ikibaki tunaihifadhi kwa ajili ya oda nyingine. Tunaihifadhi kwenye nini? Nyie wenyewe mnajua.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu. Sitasema ni wapi. Mtoto alikunywa funda moja, labda nusu funda, akaitema akapiga kelele. Midomo iliungua, akapelekwa hospitali, baada ya siku kadhaa vidonda vya mdomoni vikakauka, akaruhusiwa. Sote tukasema Mungu mkubwa. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wiki kadhaa baadaye akaanza kukataa ugali. Tukadhani anadeka. Kisha wali ukawa unamkwama. Kisha uji. Ilipofika mahali maji yenyewe yanarudi, ndipo tukaelezwa kwamba koo la chakula lilikuwa limeungua ndani, na lilipopona likaweka kovu, na kovu linajikaza na kuziba njia. Tangu hapo wanampeleka kupanuliwa koo, mara kwa mara, kwa kupewa usingizi. Bibi yake aliuza mashine ya kusaga. Ile biashara ya sabuni aliyoianzisha ili amlipie mjukuu ada ndiyo imemla.

Naomba dada muuguzi atueleze, maana siku ile kuna aliyesema apewe ndimu ili kuikata ile kostiki.

ZamuYaUsiku

Dada, pole sana, na mpe pole bibi.

Ndimu hapana, siki hapana. Kostiki ikikutana na tindikali inatoa joto, unamuunguza mara ya pili. Kutapisha ndiyo kabisa usithubutu, kwa sababu iliyounguza ikishuka itaunguza ikipanda. Msukutue mdomo kwa maji, mwoshe uso na macho kama imerukia huko, kisha hospitali haraka hata kama mdomo hauna kidonda. Unaweza kukuta mdomo mzima na koo limeungua. Kostiki haiunguzi juu juu, inaendelea kuyeyusha nyama kwenda chini.

Na wote mnaotumia jiki: msiichanganye na dawa nyingine ya choo ili "iwe kali zaidi". Ikikutana na dawa yenye tindikali inatoa gesi ya klorini, na choo cha ndani hakina dirisha la kutosha. Samahani kwa kutoka nje ya mada, lakini nimewapokea akina dada wa kazi waliozimia kwa hilo.

SpanaKumiNaNne

Fundi magari hapa. Gereji kila kitu kipo kwenye chupa ya maji: asidi ya betri, mafuta ya breki, petroli ya kuoshea vifaa. Kijana wangu wa kazi aliwahi kuvuta mpira kunyonya petroli kwenye tangi, ikampita kooni. Alikohoa tukacheka. Usiku homa, kifua, wiki nzima amelala. Nilikuwa najua ni nimonia ya kawaida, leo ndiyo naelewa yale maelezo ya mapafu.

Mimi chupa zangu naandika SUMU kwa maka pen. Hiyo inatosha?

Kibatari

Fundi, kuandika ni afadhali kuliko kutoandika, ila jiulize nani anayesoma. Mtoto wa miaka miwili hajui herufi, anajua chupa. Mgeni aliyeingia na jua la saa nane anaona chupa kabla ya maandishi. Usiku gizani hakuna anayesoma. Na maandishi ya kalamu yakikutana na mafuta yanafutika, wewe unajua kuliko mimi.

ShambaLaMteremkoni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, upande wa Nyeri. Hii maneno ya mafuta ya taa sisi pia tuliipitia, mwaka wa 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita kwa sababu hiyo hiyo ya wanaochanganya na dizeli. Kwa hivyo ile habari ya kununua kidogo kidogo naielewa vizuri.

Lakini mimi nataka kusema juu ya dawa ya kupe. Mtu akiwa na ng'ombe wawili hawezi kununua mkebe mzima. Anaenda duka la agroveti anapimiwa kiasi cha kuogesha mara moja. Anabeba chupa ya soda. Karatasi ya maelezo inabaki huko dukani kwa ule mkebe mkubwa.

Mtoto wa ndugu yangu alikunywa hiyo. Hakulia, hakutapika, alilala tu na ikawa ngumu kumwamsha. Tulipofika hospitali daktari akauliza: dawa gani? Tukasema ya kupe. Akauliza tena: jina lake? Hakuna aliyejua. Dawa za kupe ziko za aina tofauti na matibabu yake si sawa. Ndugu yangu alilazimika kurudi na pikipiki hadi kwa yule mwenye duka, wakati ni usiku, kumgongea mlango ili apige picha ule mkebe. Saa nzima na nusu ilienda hivyo. Mtoto aliishi. Siku hizi nikinunua kwa kupimiwa, nabeba chupa iliyo na mfuniko wa dawa yenyewe, na lebo naipiga picha kwa simu nikiwa bado dukani.

Na ule mkebe ukiisha, kuna watu wanauosha na kuuwekea maziwa. Tafadhali.

Kibatari

Kaka wa Nyeri, umenifungua macho. Kupiga picha lebo sikuwahi kuwaza.

Nami niongeze nilichokipata nilipokuwa natafuta majibu. Huko Windsor, Ontario, nchini Kanada, palikuwa na daktari wa watoto anaitwa Henri Breault. Alichoka kupokea watoto waliomeza vidonge vya wazazi wao. Alijaribu kuwaelimisha wazazi, haikutosha. Mwaka 1967 kikapatikana mfuniko wa kukandamiza kwa kiganja huku unazungusha, ambao kitoto hakiuwezi. Watoto waliomeza dawa mjini pale wakapungua sana. Marekani nao wakaweka sheria ya vifungashio vya namna hiyo mwaka 1970. Na Afrika Kusini, miaka ya 1990, watafiti waligawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye mifuniko ya aina hiyo kwenye baadhi ya maeneo, na matukio ya watoto kunywa mafuta yakashuka karibu nusu.

Kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyewabadilisha wale akina mama wa Afrika Kusini wakawa waangalifu zaidi. Walibadilishiwa chombo. Nilisoma hilo usiku nikamwamsha mke wangu kumwomba radhi. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Siku hizi kwangu mambo yako hivi. Umeme tunao, ila mafuta ya taa ya dharura yapo, kwenye kidumu cha lita tatu cha rangi nyeusi, yako stoo kwenye sanduku lenye kufuli. Jiki inakaa kwenye kopo lake mpaka iishe. Na chupa ya maji nikiimaliza njiani, siingii nayo ndani. Hilo la mwisho limeniuma kuliko yote, kwa sababu wale wadogo zake hawakuwahi kunikimbilia kwa "Baba, maji!" Nawaletea karanga.

MamaWawili

Habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Niliposoma swali la "nani ana chupa nyumbani sasa hivi" nikasema mimi sina. Halafu nikanyanyuka kukagua. Nimekuta tano. Mafuta ya taa moja, chini ya jiko la mchina. Jiki mbili, bafuni. Mafuta ya breki ya mume wangu, dirishani. Na moja nyuma ya pipa la unga ambayo sijui ni nini, aliiacha dada wa kazi aliyeondoka. Nifanyeje nazo? Nina mtoto wa miaka minne na wa mwaka mmoja na nusu.

ZamuYaUsiku

Hongera dada kwa kunyanyuka. Jiki irudishe kwenye kopo lake kama bado lipo, kama halipo itumie leo leo kuoshea choo, peke yake bila kuchanganya. Mafuta ya taa yatafutie kidumu kisichofanana na chombo cha kinywaji. Mafuta ya breki baba ayarudishe gereji, yasimwagwe kwenye mtaro. Ile usiyoijua usiifungue kuinusa, na usikubali mtu aionje kwa ncha ya ulimi, nimewaona wazee wakifanya hivyo. Itie kwenye mfuko, ufunge, iweke juu ukiwa umeifungia, kesho asubuhi mpigie yule dada aliyeondoka umuulize.

Chupa tupu usiziache nzima. Zitoboe, la sivyo wiki ijayo zitakuwa na kitu kingine.

MamaWawili

Nimempata dada kwa simu, kumbe ni dawa ya kunguni alipimiwa sokoni. Nimeifungia kabatini juu.

Zile nyingine nimeshazishughulikia kama ulivyoelekeza, na chupa nimezitoboa kwa kisu. Mdogo amelia sana, alidhani namharibia chupa zake.